Mume wangu anaamini nimeacha dawa, kumbe nakunywa kwa siri

Shikamoo Mama Mshauri,

Naomba usiandike jina langu wala mtaa ninaokaa. Dodoma imekua lakini watu bado wanajuana. Nina miaka 31, ni fundi cherehani, nashonea karibu na soko la Sabasaba. Nina ujauzito wa miezi minne na kidogo, wa kwanza.

Ninaishi na VVU tangu 2018. Mwanzo nilitumia zile dawa zinazoleta ndoto za ajabu usiku, baadaye CTC, kliniki ya dawa za VVU, wakanibadilishia TLD, kidonge kimoja kwa siku, na ndicho ninachotumia mpaka leo. Kila nikipimwa wingi wa virusi naambiwa vimefubaa, havionekani. Nilikuwa nakunywa saa tatu usiku baada ya chakula, na nilishazoea.

Mume wangu hana maambukizi. Nilimwambia hali yangu kabla hajaleta barua ya posa. Alipotea siku kadhaa, akarudi akasema twende tukapime wote wawili. Tukafunga ndoa 2022. Yeye ndiye alikuwa akinikumbusha, "Mama, saa tatu hiyo." Nayasema haya ili usimwone mtu mbaya.

Shida imekuja na mimba. Wifi yangu, dada yake wa tumbo moja, mwaka 2021 alizaa mtoto mwenye mgongo wazi na kichwa kikubwa. Wifi hana VVU na hajawahi kutumia dawa hizi. Mtoto alifanyiwa upasuaji, akawekewa mpira wa kushusha maji kichwani, hakufikisha mwaka. Mume wangu ndiye aliyekuwa akiwapeleka hospitali, na ndiye aliyebeba kijeneza. Hayazungumzi hayo kabisa.

Nilipomwambia nina mimba alifurahi sana. Yeye ni fundi umeme, siku hizi kazi zake nyingi ziko Mtumba. Jioni moja akarudi na simu mkononi. Mwenzake wa kazini alimtumia ujumbe kwamba dawa mojawapo iliyomo ndani ya TLD, inayoitwa dolutegravir, inasababisha watoto kuzaliwa na mgongo wazi, na kwamba hata Shirika la Afya Duniani liliwahi kutoa tahadhari. Alinisomea huku mikono inamtetemeka. Akaniambia, "Mke wangu, virusi si vimelala? Acha kwanza mtoto atengenezeke. Ukifika mwezi wa saba utaendelea. Nakuomba."

Nikakubali. Niliacha siku chache tu, usingizi ukanipaa. Nikalihamishia kopo la dawa kazini, nikalificha ndani ya bati la vifungo. Sasa nakunywa saa saba mchana, wateja wakipungua. Nyumbani ikifika saa tatu usiku ananitazama, na mimi najifanya nakunja nguo. Juzi ameniletea zabibu, akasema, "Asante kwa kunisikiliza." Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikinywa, nahisi namlisha mwanangu sumu na namdanganya baba yake. Nikifikiria kuacha, nahisi namwambukiza. Kuna siku nawaza niache kweli, angalau huu uongo uishe. Nesi wa kliniki sikumuuliza kitu. Foleni ilikuwa ndefu, naye ana haraka, na aliponiuliza nikasema sijakosa hata dozi moja.

Halafu kuna mama mkwe. Hajui hali yangu, na mume wangu anataka ibaki hivyo. Anasisitiza nikajifungulie kwake Bahi kama walivyofanya wake wengine wa wanawe. Anajulikana kwa kuwapa vichanga maji na uji mwembamba wa uwele kabla hata ya arobaini. Nimesikia mtoto wangu atapewa dawa ya maji kila siku. Hiyo nitaificha wapi?

Naomba uniambie, dawa hii ni salama kwa mtoto? Na mume wangu nimfanyeje?

Mama Kijacho, Dodoma

*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa ujauzito. Katika barua yote sikuona mahali ulipopongezwa na mtu mwingine zaidi ya mumeo, kwa hiyo na mimi nakupongeza.

Nikikusoma vizuri, una hofu mbili zinazovutana. Kila ukimeza kidonge unaogopa unamdhuru mtoto, na kila ukifikiria kuacha unaogopa vilevile. Katikati yake yuko mume unayempenda, anayekushukuru kwa jambo ambalo hukulifanya. Nitaanza na dawa, maana huko ndiko kwenye majibu yaliyonyooka. Ya mumeo na mkweo nitakupa ninavyoyaona, lakini humo ndani unaishi wewe.

Ule ujumbe wa kwenye simu haukutungwa hewani, na ni vizuri mumeo ajue kwamba hukumwona mjinga. Mwezi Mei 2018 watafiti nchini Botswana, waliokuwa wakifuatilia watoto wanaozaliwa katika hospitali kubwa za nchi ile, walitoa taarifa iliyoshtua. Kati ya wanawake 426 waliopata mimba wakiwa tayari wanatumia dolutegravir, wanne walizaa watoto wenye kasoro ya mgongo au ubongo, yaani kama 9 katika kila 1,000. Kwa dawa nyingine kasoro hiyo ilikuwa kama 1 katika kila 1,000. Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari kweli, na nchi nyingi zikasita kuwapa dawa hii wanawake wa umri wa kuzaa.

Kwa bahati mbaya, anayesambaza ujumbe huo anaishia hapo, wakati watafiti hawakuishia hapo. Waliendelea kuhesabu. Kadiri kinamama walivyoongezeka kwenye hesabu, ile tofauti ikawa inapungua. Mwaka 2019 ilishashuka hadi kama 3 katika kila 1,000, na Julai mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dolutegravir kuwa dawa ya kwanza kwa watu wote, wajawazito wakiwamo. Kufikia 2022 walishahesabu zaidi ya mimba 9,000 zilizotungwa mama akiwa kwenye dawa hii, na kiwango kikawa kama 1 katika kila 1,000, sawasawa na dawa nyingine za VVU. Hesabu ya kwanza ilikuwa ya watu wachache mno. Ukirusha sarafu mara tano ikaangukia upande mmoja mara nne, usiseme bado kwamba sarafu ina kasoro.

Nikueleze na la zamani kidogo. Ile dawa iliyokuwa ikikuletea ndoto, efavirenz, nayo ilishutumiwa vilevile, hadi ushahidi ulipokusanyika ikaonekana haina hatia hiyo. Dawa yoyote mpya inayomezwa na mjamzito huangaliwa kwa jicho kali, na mimi naona ni sawa iwe hivyo. Tangu 1989 kuna daftari la kimataifa linalofuatilia watoto ambao mama zao walitumia dawa za kupunguza makali ya VVU wakiwa wajawazito. Na mwaka 2018, wakati tahadhari ile bado ina moto, wanawake wanaoishi na VVU kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Kigali na kusema waziwazi kwamba wapewe taarifa zote wachague wenyewe, badala ya kunyimwa dawa nzuri kwa jina la kulindwa. Nawapenda wale wanawake.

Sasa kuna jambo moja ambalo ningetamani mumeo alisikie kwa masikio yake. Mfupa wa mgongo wa mtoto haungoji miezi mitatu wala saba ndipo ufunge. Ule mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga takriban siku 28 tangu mimba kutungwa, mara nyingi mwanamke hata hajajua kama ni mjamzito. Wewe una miezi minne na kidogo. Kilichokuwa kifunge kilishafunga kabla ya ule ujumbe kufika Mtumba. Kwa hiyo, hata kama shutuma ile ingekuwa ya kweli, kuacha dawa leo kusingemkinga mtoto na mgongo wazi.

Lakini kuacha kunafungua mlango mwingine. Mumeo anasema virusi vimelala, na hajakosea. Swali ni nani amevilaza. Ni kidonge cha kila siku. Ukiacha, virusi huanza kurudi kwenye damu ndani ya wiki chache, bila wewe kuhisi chochote, huku mtoto akiwa tumboni. Bila dawa yoyote, kuanzia mimba, kujifungua hadi kunyonyesha, kati ya watoto 15 na 45 katika kila 100 huambukizwa. Mama akitumia dawa vizuri, hushuka chini ya 5. Na wale ambao, kama wewe, walikuwa kwenye dawa kabla ya mimba na virusi vikawa havionekani hadi siku ya kujifungua, wako chini zaidi ya hapo. Huko Ufaransa walifuatilia zaidi ya kinamama 5,000 wa namna hiyo, wasionyonyesha, na hawakukuta mtoto hata mmoja aliyeambukizwa.

Umeandika kwamba unahisi unamlisha sumu. Naielewa hisia hiyo. Sisi wote tumefundishwa kuogopa dawa tukiwa na mimba, na kwa dawa nyingi za dukani tumefundishwa vizuri. Ni kweli kwamba dolutegravir hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Huko kufika kwake ni sehemu ya kinga yake. Anapopita kwenye uchungu na damu ya kuzaliwa, anakuwa tayari ana dawa mwilini.

Sitakuambia kwamba dawa hizi hazina lolote. Dolutegravir huwaongezea baadhi ya watu uzito, wengine huwanyima usingizi au kuwaumiza kichwa siku za mwanzo. Mchanganyiko fulani wa dawa za zamani ulihusishwa na watoto kuzaliwa njiti au na uzito mdogo. Lakini VVU visivyotibiwa navyo huleta njiti na uzito mdogo, kwa hiyo mwenye kulinganisha asilinganishe dawa na hali ambayo wewe huna. Kuna utafiti uliohusisha wajawazito 643 katika nchi tisa, Tanzania ikiwamo, uliochapishwa 2021. Walioanzishiwa dawa yenye dolutegravir, 98 katika kila 100 walifika siku ya kujifungua virusi vikiwa chini sana. Waliopewa efavirenz walikuwa 91. Hiyo ndiyo sababu wanakupa hiyo.

Kuna kitu kidogo ambacho hukukiuliza, ila nakiona kwenye ratiba yako mpya. Kliniki watakuwa wamekupa vidonge vya kuongeza damu, vile vya FEFO. Madini ya chuma yakikutana na dolutegravir tumboni kukiwa hakuna chakula, huishika isiingie vizuri mwilini. Kalsiamu na vile vidonge vya magnesium vya kiungulia hufanya hivyohivyo. Ukimeza TLD pamoja na FEFO wakati wa mlo, hakuna tabu. Kama huli, TLD itangulie FEFO kwa muda wa saa mbili, au ije baada ya muda wa saa sita tangu umeze FEFO. Vya kiungulia usivimeze pamoja na TLD hata kama umekula. Fuata nafasi hizohizo. Na kama wewe ni miongoni mwa wale wanaotafuna udongo, mwambie nesi, maana udongo nao una ugomvi wake na damu ya mjamzito. Pia ukianza kukohoa wiki mbili mfululizo usikae kimya. Baadhi ya dawa za kifua kikuu hupunguza nguvu ya dolutegravir, na daktari hulazimika kuongeza dozi.

Huyo nesi umemwambia hujakosa dozi. Wengi husema hivyo, na nesi mwenye uzoefu anajua kuwa wengi husema hivyo. Siku chache ulizoacha zinaweza zisiwe zimeharibu kitu, lakini hakuna anayeweza kujua kwa kukutazama usoni. Inajulikana kwa kupima wingi wa virusi, na mjamzito ana haki ya kupimwa mara kwa mara zaidi ya mtu mwingine. Ukienda safari ijayo unaweza kusema tu, "Kuna siku nilikosa, naomba nipimwe." Kama foleni inakutisha, ulizia mama kinara, mwanamke mwenye VVU aliyeshapita huko na anayewasaidia wengine kliniki. Mara nyingi yeye ana muda ambao nesi hana.

Tuje kwa mumeo.

Umemweleza kana kwamba anapigana na dawa. Nimesoma tena na tena ile sehemu ya mikono kutetemeka, na nakuuliza: una hakika anaogopa dawa? Au anaogopa kubeba kijeneza cha pili? Mtu aliyempeleka mpwa wake hospitali hadi mwisho, na asiyetamka neno juu yake tangu hapo, anaweza kushika kitu chochote kitakachompa mahali pa kuweka hofu. Kidonge chako kimempa mahali. Na wewe mwenyewe umeandika kwamba wifi hana VVU na hakuwahi kutumia dawa hizi. Inawezekana mumeo bado hajaunganisha hayo mawili. Mgongo wazi ulikuwapo katika familia yao kabla ya dolutegravir kuingia katika familia yao.

Hilo la familia, kwa njia, litaje kliniki hata kama hutataja lingine. Nesi anapaswa kulijua, kwa mimba hii na hasa kwa zijazo, kwa kuwa vidonge vya foliki hukinga kasoro hiyo vizuri zaidi vikianza kabla ya mimba kutungwa.

Kuhusu kumwambia au kutomwambia, naona njia kadhaa na kila moja ina miiba yake.

Unaweza kuendelea hivihivi hadi ujifungue. Mtoto analindwa, na siwezi kudharau hilo hata kidogo. Ila bati la vifungo ni mahali pembamba pa kuficha jambo la miezi mitano. Kadi ya kliniki inasomeka. Siku mtoto atakapopewa dawa ya maji, utaeleza nini? Na akigundua mwenyewe, atakachokikumbuka ni zile zabibu na ile "asante". Umeolewa na mtu ambaye msingi wa ndoa yenu ni kwamba ulimwambia ukweli kabla ya posa, na nadhani ndiyo maana uongo huu unakuuma kuliko unavyomuuma mtu mwingine.

Unaweza kumwambia wewe, nyumbani, kwa wakati utakaouchagua. Faida yake ni kwamba anasikia kutoka kwako. Hatari ni kwamba mazungumzo yatageuka kuwa ya uongo badala ya kuwa ya mtoto. Wapo wanaume ambao wangesema "kumbe unaweza kunidanganya" na wasisikie neno lingine usiku ule. Kama utachagua hivyo, fikiria utaanza na lipi: kukiri, au swali. Kwa mfano, "Baba, tuliacha kuzungumza juu ya mtoto wa wifi. Unaogopa nini hasa?"

Njia nyingine ni kwenda naye kliniki. Kliniki za mama na mtoto huwakaribisha waume na wengi siku hizi huenda, tena mkifika wawili mara nyingi hamkai foleni. Amsikie mtaalamu, aulize mwenyewe kuhusu ile tahadhari ya 2018. Mwanamume aliyepewa nafasi ya kuuliza maswali yake huondoka tofauti na yule aliyepewa amri. Hatari yake ni kumpeleka bila kumwandaa, akakuta kila mtu anajua kitu isipokuwa yeye. Huo utakuwa mtego, na hatausahau.

Huko huko kuna kipimo ambacho kingeweza kugusa hofu yake yenyewe: altrasaundi. Mtoto akiwa na wiki kati ya 18 na 22 hivi, mpimaji mzoefu anaweza kuutazama mgongo na kichwa. Wewe unakaribia huko. Hospitali kubwa za hapa Dodoma zinafanya, ingawa utauliza gharama mapema. Tahadhari yangu ni hii: kipimo hicho hakioni kila kitu, na kisigeuzwe kuwa sharti la wewe kuendelea na dawa. Lakini kwa baba aliyekaa wodini na mtoto mwenye kichwa kikubwa, kuona mgongo uliofunga kwenye kioo kunaweza kumwambia jambo ambalo mimi na nesi hatuwezi kumwambia.

Wengine wangekushauri umtumie mtu mzima, mshenga au kiongozi wa dini. Mimi nasita. Ni mtu mmoja zaidi wa kujua hali yako, na siri ikishatoka huwezi kuirudisha.

Kitu kingine ambacho sijui kama mumeo anakielewa: kidonge chako kinamlinda na yeye. Mtu ambaye virusi vyake havionekani kwa vipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Hilo limethibitishwa kwa maelfu ya wenza kama nyinyi. Anapokuomba uache, anajivua kinga bila kujua. Wewe hukuligusa hilo kwenye barua, labda kwa kuwa umezoea kujiona wewe ndiye hatari ndani ya nyumba. Kwa miaka hii yote umekuwa kinyume chake. Kama yeye atataka uhakika wa ziada, ipo dawa kinga kwa mtu asiye na maambukizi, aulizie hapohapo CTC.

Na yale mawazo ya kuacha kweli ili uongo uishe, naomba uyatazame mara ya pili mchana, kichwa kikiwa kimetulia. Uongo huo ni wako na wa mumeo, na mnaweza kuumaliza kwa maneno. Mtoto hakuwamo.

Hukuandika kama mumeo ana mkono mwepesi, na maelezo yako yananifanya niamini hapana. Ila kama kuna jambo hukuliandika, kama unahisi kumwambia kunaweza kukuletea kipigo, basi mpango wote unabadilika. Usimwambie mkiwa peke yenu. Mshauri wa CTC anaweza kukusaidia kupanga, na kwenye vituo vya polisi lipo dawati la jinsia na watoto.

Mama mkwe sasa. Hana haki ya kujua usipotaka. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inawabana watumishi wa afya kutunza siri yako, kwa hiyo hakuna nesi wa Bahi wala wa mjini anayeruhusiwa kumnong'oneza. Lakini kutomwambia VVU hakumaanishi kutomwambia kitu. Kuhusu mahali pa kujifungulia, muhimu ni iwe kituo cha afya, na wahudumu wajue hali yako ili mtoto aanze dawa mapema baada ya kuzaliwa. Hiyo dawa ya maji, nevirapine, hupewa kila siku kwa wiki sita. Wakiona hatari ni kubwa zaidi, kwa mfano virusi vimepanda, huongeza dawa nyingine na muda. Watoto wengi hupewa dawa za maji kwa sababu mbalimbali. "Daktari kaandika" ni sentensi inayoweza kusimama yenyewe. Atauliza mara mbili, mara tatu. Hapo ndipo utahitaji mwana wake awe upande wako, na ndiyo sababu nyingine inayonifanya nione mambo haya mawili, la mume na la mkwe, kuwa ni moja.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kwake ni uji wa uwele. Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama tu, hata maji hapana. Uji na maji hukwaruza utumbo mchanga, na mtoto anayechanganyiwa maziwa ya mama na vitu vingine mapema yuko kwenye hatari kubwa zaidi kuliko anayenyonya tu. Ukiendelea na dawa, kunyonyesha kwako ni salama kwa kiwango ambacho zamani tusingekiamini: katika utafiti mmoja mkubwa, ambao Tanzania pia ilishiriki, walioambukizwa walikuwa kama watoto 3 katika kila 1,000 hadi miezi sita, na 6 hadi mwaka mmoja. Uzuri ni kwamba maziwa matupu kwa miezi sita ndilo somo wanalopewa kinamama wote, wenye VVU na wasio na VVU. Bibi anaweza kuambiwa na nesi mbele yako bila neno moja kuhusu hali yako. Unaweza pia kujifungulia mjini na kumkaribisha yeye aje kwako. Hapo jiko ni lako. Atanuna, labda. Wewe unamjua kununa kwake kunadumu kiasi gani.

Baada ya hapo mtoto atapimwa damu ya kisigino akiwa na wiki nne hadi sita, atapimwa tena akikua, na jibu la mwisho hutoka akishaacha kunyonya. Ni safari ndefu kidogo na ina siku za kungoja majibu, siku ambazo ni ngumu kukaa nazo peke yako. Uwe unajua ni nani atakayekuwa amekaa pembeni yako siku hizo.

Kama utapenda kuniandikia tena kabla ya kujifungua, andika. Na kama siku moja mumeo atakuwa ameshajua, na ana lake la kusema, mwambie aandike upande wake. Nitamjibu na yeye.